Mikono Iliyomshika Baba

9 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama, kesho asubuhi naingia zamu wodini. Nimeandika kwa herufi kubwa kama unavyoona. Sitakutumia ujumbe wa simu, maana najua kile kioo kikianza kuteleza chini ya kidole chako, tumbo nalo linageuka. Karatasi haitembei. Na wewe unijibu kwa mkono, hata kama mistari itapanda mlima. Kuandika nako ni mazoezi.

Nilikueleza ukiwa kitandani lakini ulikuwa umechoka, kwa hiyo narudia. Zile sindano ulizochomwa kidonda cha mguu kilipoingia kwenye damu ndizo zilizokuokoa. Ila zilipita pia ndani ya masikio, mahali penye vidude vidogo sana vinavyouambia ubongo juu ni wapi, chini ni wapi, na kichwa kimegeukia upande gani. Vidude hivyo vimeumia. Ndiyo maana ukitembea ukuta unarukaruka, na ukifumba macho unahisi kama umesimama juu ya godoro lililowekwa majini. Sasa macho na nyayo zako inabidi zijifunze kazi ya masikio.

La kwanza: andika herufi A, uibandike ukutani usawa wa macho. Simama mbele yake, utikise kichwa kushoto na kulia kama mtu anayekataa jambo, lakini macho yasiiachie herufi. Itaruka. Ikianza kukuchefua, pumzika, kisha rudia. La pili: simama kwenye kona ya sebule, mgongo uelekee kona, kiti kiwe mbele yako, miguu pamoja, halafu fumba macho. Mama awe karibu. Usifanye peke yako. Narudia kwa sababu nakujua: usifanye peke yako.

Mwanzoni utajisikia vibaya kuliko sasa. Usiogope na usiache. Ubongo haujifunzi bila kusumbuliwa.

Binti yako


27 Februari

Daktari wangu,

Najua bado hujamaliza masomo, na kwamba wa tiba ya viungo haitwi daktari, lakini mafundi wenzangu nimeshawaambia hivyo, kwa hiyo usiniaibishe.

Marahaba. Herufi A iko ukutani. Mama yako aliikataa karatasi. Alichukua kipande cheupe cha pazia akakishonea herufi nyeusi, eti kitu cha kutazamwa kila siku kisiwe na sura mbaya. Inaruka kama ulivyosema. Siku ya kwanza nilikimbilia ndoo.

Kuhusu kona, mama yako aliogopa kwamba nikidondoka hataniweza. Nikavaa ule mkanda wangu wa kupandia minara ya simu, wenye pete mgongoni, na yeye anashika kamba. Miaka yote hiyo huko juu, mkanda ule haukuwahi kunidaka. Umekuja kunidaka sebuleni. Nilipofumba macho nikaenda mbele kama gogo, naye akavutwa, tukajikuta wote sakafuni. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema siku anaolewa hakuna aliyemwambia kwamba atapewa punda wa kufunga kamba.

Nje ndiko kugumu. Natembea miguu imetanuka kama bata. Jana kinyozi aliniita kutoka dukani kwake, "Kipanga, leo umeanza mapema." Jina hilo nilipewa kazini kwa kukaa juu kutwa nzima, sasa analitumia kunicheka. Nikimwambia sijanywa, anakubali kwa namna ambayo mtu humkubalia mlevi. Kibao cha duka siwezi kukisoma mpaka nisimame kabisa.

Msimamizi alikuja kuniona. Anasema nafasi yangu itaningoja hadi mwisho wa mwaka. Sasa niambie ni lini nitapanda tena. Usinipe maneno ya hospitali.

Baba yako


14 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua hii ni yako peke yako.

Majibu ya kile kipimo cha kumwagia masikio maji ya moto na ya baridi yameletwa hapa, mkufunzi wangu ameyasoma nami nikiwa pembeni. Ni masikio yote mawili, mama. Lingekuwa moja, jingine lingebeba mzigo wa mwenzake. Kilichokufa humo ndani hakirudi. Mazoezi yatamfanya atembee, avuke barabara, apande ngazi yenye mahali pa kushika. Gizani atayumba daima. Na kupanda juu, kwenye upepo, kusiko na kitu cha kukitolea macho, hapana. Hatapanda tena.

Ameniuliza ni lini. Nimeandika jibu na kulichana, nikaandika jingine nikalichana. Wewe unamjua kuliko mimi. Nimwambie?

Jumapili kwenye simu ulisikika umechoka. Unakula?

Binti yako


25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Bahati nzuri barua niliipokea mwenyewe mlangoni. Baba yako alikuwa kwenye kona yake amefumba macho.

Usimwambie sasa. Anaamka kabla yangu, ananyoa ndevu, anavaa mabuti ya kazini. Mabuti, mwanangu, kwa ajili ya kusimama sebuleni. Anafanya yale mazoezi yako mpaka jasho linamtoka, kwa sababu anaona mnara mbele yake. Ukimwondolea mnara atarudi kitandani ageukie ukuta, na mimi sitakuwa na nguvu ya kumtoa huko. Acha miguu ipate nguvu kwanza. Mengine atayajua, si mjinga.

Unauliza kama nakula. Nakula. Tumbo linanisumbua kidogo, ni gesi, na kuinama kutwa kushona yale mapazia ya hoteli. Baba yako anasema nimepungua. Nimemwambia anayevuta dume zima kwa kamba kila asubuhi lazima apungue.

Mtihani wako ni Septemba. Weka akili hapo, ya huku tuachie sisi.

Mama yako


2 Juni

Daktari wangu,

Nimechelewa kuandika, tulikuwa na mambo.

Herufi imetulia. Nikitikisa kichwa haraka bado inacheza, lakini polepole inakaa mahali pake kama mtoto aliyekemewa. Kwenye kona nasimama macho nimefumba mpaka wimbo mmoja wa redio unakwisha. Mama yako hashiki tena mkanda. Anakaa kwenye kochi ananitazama, akiona nimeanza kuinama anasema "kulia," nami najirudi.

Nyumba imekuwa kimya siku hizi. Cherehani imefunikwa, kwa hiyo redio naisikia vizuri hata kwa masikio haya yenye mlio wa nyuki. Sokoni naenda mwenyewe, nashika kuta za watu njia nzima. Nimeanza pia kupika. Usicheke. Mama yako anaonja kidogo, anasema chumvi imetosha, anarudisha sahani.

Nina swali. Mtu wa hali yangu akitaka kubeba kitu kizito, kitu ambacho hakitakiwi kuanguka hata kidogo, afanyeje?

Baba yako


15 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea wenzangu wodini. Kwamba mama hakushiki tena, hiyo ndiyo habari nzuri kuliko zote nilizopata mwaka huu. Mwambie namshukuru. Tunawaona hapa ndugu wanaomshikilia mgonjwa mpaka wanamzuia kupona. Yeye ameweza kukaa pembeni akakuachia, na cherehani ameifunika ili upate utulivu. Si kila mtu angeweza.

Kubeba: anza na ndoo ya maji isiyojaa. Mzigo ukae kifuani, usining'inie upande mmoja. Miguu iachane upana wa mabega. Usiutazame mzigo, chagua kitu kimoja kilichotulia mbele yako ukikazie macho, hatua ziwe fupi. Ukitaka kugeuka, usigeuke mwili mzima kwa mara moja. Yatangulie macho, kichwa kifuate, miguu iwe ya mwisho.

Umepiga hatua kubwa kuliko nilivyotegemea. Ninajivunia wewe.

Binti yako


8 Julai

Daktari wangu,

Nimefanya kwa ndoo, nimefanya kwa nusu mfuko wa saruji uliobaki tulipojenga uzio. Siangushi.

Sasa nijibu haya, na unijibu upesi. Kwanza, mlango mwembamba, ambao lazima upite kwa upande ukiwa na mzigo mikononi. Pili, sakafu yenye maji. Tatu, kuinua mzigo kutoka chini, tuseme usawa wa kitanda, na kuinuka nao bila kichwa kuzunguka. Nne, kama mzigo wenyewe hautulii, uzito unahama huku na huku, mtu afanyeje?

Mama yako anakusalimu. Simu ya Jumapili alikuwa amepumzika ndiyo maana hukumpata.

Baba yako


19 Julai

Baba,

Nimekaa na barua yako siku nzima. Najua unachouliza. Mlango mwembamba ni ule wa chini ya mnara, sakafu yenye maji ni zile ngazi za chuma baada ya mvua, na mzigo unaohama ni antena kwenye kamba. Unajiandaa kurudi, na mimi ndiye ninayekufundisha, na siwezi kuendelea hivi.

Hutapanda tena, baba. Nimejua tangu Machi. Vilivyokufa ndani ya masikio yako havirudi, na huko juu macho hayana kitu cha kushika. Ukipanda utaanguka, na hakuna mazoezi ya kuzuia hilo. Nilinyamaza nikidhani nakusaidia. Nisamehe.

Maswali yako nayajibu kwa ajili ya nyumbani tu. Mlangoni, weka bega kwenye fremu kabla ya kupita, mwili uhisi ukuta uko wapi. Kuinuka: piga goti moja, vuta mzigo kifuani, tulia mpaka macho yapate mahali pa kukaa, ndipo usimame. Mzigo usiotulia ukumbatie, usiushike kwa mikono tu. Sakafu yenye maji iepuke.

Kasirika ukitaka. Lakini usipande.

Binti yako


30 Julai

Mwanangu,

Barua nimeisoma. Hayo ya mnara nimeelewa, tusirudie.

Ila la sakafu hukulimaliza. Umesema niiepuke. Haiepukiki. Nivue viatu au nisivue?

Baba yako


6 Agosti

Baba,

Vua. Nyayo tupu zinasoma sakafu vizuri kuliko kiatu. Tandika mkeka wa mpira wenye vitundu, na upigilie chuma cha kushika ukutani, usawa wa kiuno.

Nilitegemea utanifokea. Umeniuliza habari ya viatu tu. Sijui kama nifurahi au niogope.

Mama yuko wapi? Jumapili tatu sasa nikipiga amelala. Mwambie apime damu, huenda amepungukiwa. Ningekuja, ila nikikosa siku za wodini mwezi huu hawataniruhusu kufanya mtihani.

Binti yako


11 Septemba

Mwanangu,

Ukimaliza karatasi ya mwisho, panda basi siku hiyohiyo. Usipitie popote, usinunue kitu chochote.

Ningepiga simu lakini ungeisikia sauti yangu.

Baba


14 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Nimefika. Naandika kwa sababu kwa siku zote nilizokaa hapo nyumbani hatukuzungumza, tulikuwa tunapokea watu tu.

Nilipokata kona ya mtaa wetu nikaona viti vimepangwa nje, nikadhani majirani wana mkutano. Bado nilikuwa nafikiria swali la mwisho la mtihani, kama nimelijibu sawa. Kinyozi ndiye aliyenipokea mfuko. Akaniambia, "Pole, amepumzika asubuhi." Nikamwuliza, nani? Nilimwuliza nani, baba.

Alikuwa na uvimbe kwenye kongosho tangu Mei, na mtaa mzima ulijua. Kinyozi alijua. Muuza mkaa alijua. Mimi ninayeshinda hospitali, ninayefundishwa kusoma miili ya watu, nilikuwa nawasomea wenzangu kwa furaha kwamba mama hakushiki tena. Nilikuandikia umshukuru. Ulimsomeaje maneno yale, na yeye yuko hapo kwenye kochi hawezi kusimama?

Nimezipanga barua zako mezani nikazisoma upya. Kila kitu kimo. Cherehani, sahani iliyorudishwa, mzigo usawa wa kitanda. Nilizisoma zote nikitafuta masikio yako.

Nimefaulu. Walitangaza juzi. Mlinipa mtihani mkaniondolea mama, na hakuna aliyeniuliza ningechagua nini. Sina hakika nitaandika tena hivi karibuni.

Binti yako


2 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Siku zile za msiba ulipita mbele yangu na sahani, na maji, na viti, nami nikawa naogopa hata kukuita. Kwa hiyo nakushukuru kwa barua, hata ilivyo.

Siombi uache kukasirika. Una haki. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Mimi nilijua habari ya mnara tangu Aprili. Nilikwenda kliniki nikamkazia macho daktari, nikamwambia, niambie kama unavyomwambia mwanamume mwenzako. Akaniambia. Nikatoka pale nikakaa kwenye benchi la nje mpaka wakafunga. Nyumbani sikusema, kwa sababu mama yako alikuwa ananiangalia nikivaa mabuti na uso wake unachangamka. Nikaona acha niendelee kuvaa. Kumbe na yeye alikuwa anajua, ananificha mimi. Hilo nimelijua juzi nilipokuta barua yako ya Machi kwenye boksi lake la nyuzi. Kwa hiyo tuliishi hivyo, kila mmoja akimwigizia mwenzake habari ya mnara, na mnara hakuna aliyekuwa na haja nao tena.

Mei ndipo tulipopewa majibu yake. Njiani kurudi aliniapisha. Alisema, "Ukimwambia mtoto kabla hajamaliza, sitakusamehe hata nikiwa chini ya udongo." Nikamwambia mtoto atatulaumu. Akasema, "Atakulaumu wewe. Mimi sitakuwepo." Akacheka. Unamjua alivyo. Nilishika kalamu mara nyingi nikuandikie, na kila nilipofika kwenye neno lenyewe nikaandika kuhusu redio.

Barua yako ya Juni nilimsomea kwa sauti. Nilipofika pale pa kumshukuru kwa kutonishika, alifunga macho. Kisha akasema, "Isome tena hapo." Nikaisoma tena. Usiyaonee haya maneno yale. Aliyapenda. Yalimpa sababu ya kukaa kwenye lile kochi, akawa hakai pale kama mgonjwa.

Ndugu zake walitaka kuleta mtu wa kumhudumia. Hakukubali kuogeshwa na mgeni. Alitaka niwe mimi. Sasa fikiria, mwanamume ambaye hawezi kupita ukumbini bila kushika ukuta, anaambiwa mikono yote miwili ishike mtu. Nilikuwa namwota nimemwangusha. Ndiyo maana nikakuuliza. Saruji ile nilikuwa naizungusha sebuleni alipokuwa amelala, naitoa chumbani naipeleka bafuni, narudi. Bega kwenye fremu. Macho, kichwa, miguu. Wewe ulidhani unamfundisha mtu kupanda, kumbe ulikuwa unanifundisha kumbeba mama yako, na sikumwangusha. Hata siku moja sikumwangusha, mwanangu. Kama unatafuta ulikuwa wapi wakati anaumwa, ulikuwa hapo.

Kuna siku moja nataka uijue. Ilikuwa jioni, mwishoni mwa Agosti. Nimemtoa bafuni, tuko katikati ya ukumbi, pale pasipo na dirisha, umeme ukakatika. Ulimwandikia mama yako kwamba gizani nitayumba daima, na ni kweli. Chini pakapotea. Sikujua kama nimesimama au nimeshaanza kuanguka. Nilimwambia, "Mama, sioni ukuta." Sikutaka ajue naogopa lakini alikuwa kifuani mwangu, moyo wangu aliusikia. Akatoa mkono kwenye taulo, ule mkono uliobaki mifupa, akaunyoosha gizani mpaka ukagusa. Akaupigapiga ukuta kwa kiganja. "Uko huku," akasema. "Njoo huku." Nikaifuata ile sauti ya kiganja chake, hatua fupi, hadi bega langu likagusa. Akawa anaupiga njia nzima, tukafika kitandani. Nilipomlaza alikuwa anahema, na alikuwa anatabasamu. Akasema tangu Februari hajanishika vizuri namna ile.

Sasa nakaa peke yangu. Asubuhi nasimama kwenye kona, ninafanya ulivyonifundisha, kiti kikiwa mbele. Mchana natembea. Kaburini nimeshakwenda, ardhi ya kule ni mbaya, mashimo na majani, nilianguka nikainuka. Umeme bado unakatika jioni. Ukinikuta ukumbini nasimama palepale nilipo, nangoja urudi.

Baba yako